Maswali ya Wasomaji: Fomu Haitaki "Sijambo"

Swali la kwanza

Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Tanga na nimeishi Uingereza kwa miaka 19, nikiwa na ukaazi wa kudumu. Kwa miaka 11 nimehudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee hapa Coventry, kazi ya kuinua, kugeuza na kuogesha watu, mpaka baridi yabisi iliponishika vidole, viganja na magoti. Tangu Februari mwaka huu sijaenda kazini. Mwajiri ananilipa zile fedha za ugonjwa za kila wiki, nami nimeambiwa kwamba zitakoma hivi karibuni. Ninaishi na binti yangu wa miaka 13, ambaye siku hizi ndiye anayenifunga vifungo vya nguo asubuhi kabla hajaenda shule. Shoga zangu wananiambia kuna nyongeza anayopewa mtu asiyeweza kufanya kazi, lakini wengine wanasema nikiomba nitanyang'anywa nyumba ndogo niliyomjengea mama yangu kule Tanga. Nimelelewa nikiambiwa kwamba kuombaomba ni aibu. Je, nina haki ya kuomba, na nianzie wapi?

Msomaji, Coventry

Jibu

Dada yangu, nianze na hilo la aibu, kwa kuwa ndilo linalowachelewesha watu wetu wengi mpaka haki yenyewe ikapungua mikononi mwao. Hati yako ya mshahara, kwa miaka yote 11, imekuwa na mstari wa makato uitwao National Insurance, na maana ya jina hilo ni bima. Mtu aliyekatia gari lake bima hasemi kwamba anaombaomba siku gari linapogongwa. Malipo ya kwanza nitakayokuelekeza uombe yanatokana moja kwa moja na makato hayo, na yale mengine yanatokana na kodi, ambayo nayo umeilipa.

Fedha unazopata sasa ni malipo ya kisheria ya ugonjwa, yanayojulikana zaidi kwa herufi SSP. Tangu tarehe 6 Aprili 2026 kiwango chake ni pauni 123.25 kwa wiki, au asilimia 80 ya wastani wa mshahara wa wiki ikiwa hiyo ndiyo ndogo zaidi, na hayalipwi kwa zaidi ya wiki 28. Kwa kuwa uliacha kwenda kazini Februari, yatakwisha kati ya Agosti na Septemba. Mwajiri wako anatakiwa akupe fomu ya SSP1 inayoeleza tarehe ya mwisho, na ikiwa hajakupa mwandikie barua uitake, kwa sababu utaihitaji.

Baada ya SSP, mlango wa kwanza ni New Style ESA, ambayo hulipwa mgonjwa aliyechangia National Insurance ya kutosha katika miaka miwili au mitatu iliyotangulia. Huhitaji kusubiri mpaka mfuko uwe mtupu, kwani maombi hupokewa hata miezi mitatu kabla ya SSP kukoma, na hivyo unaweza kuomba sasa hivi. Kwa wiki za mwanzo mtu aliyetimiza miaka 25 hulipwa pauni 95.55 kwa wiki. Uzuri wa malipo haya ni kwamba hayaulizi una akiba kiasi gani, wala una nyumba wapi, wala mume anapata nini kwa mwenye mume.

Mlango wa pili, na ndimo ilimo nyongeza uliyoisikia, ni Universal Credit. Huu ni msaada unaozingatia mapato na mali ya mwombaji. Una fungu la msingi, ambalo kwa mtu asiye na mwenzi aliyetimiza miaka 25 ni pauni 424.90 kwa mwezi, kisha kuna fungu la mtoto na fungu la kodi ya nyumba kwa mpangaji. ESA ukiipata hukatwa humo pauni kwa pauni, kwa hiyo usitarajie kwamba zitajumlishwa, ingawa bado naona kuna maana ya kuomba zote mbili, kwa kuwa ESA hubaki nawe hata siku Universal Credit itakapokukataa kwa sababu ya mali. Malipo ya kwanza ya Universal Credit huchukua kama wiki tano tangu siku ya kuomba. Katikati hapo utaambiwa kuna fedha za kutangulizwa, nawe ujue kwamba huo ni mkopo utakaokatwa katika miezi inayofuata.

Nyongeza ya afya hupewa mtu ambaye tathmini imeonyesha kwamba hawezi kufanya kazi wala hata shughuli za kujiandaa kwa kazi. Hapa lazima niseme waziwazi, kwa sababu shoga zako hutaja kiasi walichokipata wao. Waliokuwa wameshaingizwa katika kundi hilo kabla ya tarehe 6 Aprili 2026 hupata pauni 429.80 kwa mwezi juu ya fungu la msingi. Wanaoanza kuomba kuanzia tarehe hiyo hupata pauni 217.26, kufuatana na sheria ya mwaka 2025, isipokuwa wenye maradhi mazito ya maisha yanayotimiza vigezo vikali vilivyowekwa, na wale ambao madaktari hawatarajii waishi zaidi ya miezi 12. Kwamba wagonjwa wawili wenye viganja vilivyovimba sawasawa walipwe tofauti kiasi hicho kwa sababu mmoja aliugua mapema ni jambo ambalo mimi nashindwa kulitetea, lakini ndivyo sheria ilivyo, na ni afadhali uingie ukijua.

Nyongeza hiyo hailipwi mara moja. Kuna kipindi cha kungoja cha miezi mitatu, na kipindi hicho huanza kuhesabiwa tangu siku unapopeleka uthibitisho wa ugonjwa, yaani cheti cha daktari wako, kupitia ukurasa wako wa Universal Credit. Hakihesabiwi tangu siku ulipougua, wala tangu siku ya tathmini. Tathmini ikichelewa miezi sita, utalipwa malimbikizo ya nyuma. Cheti kikichelewa miezi sita, hutalipwa kitu. Kwa hiyo ukifungua maombi leo, peleka cheti leo, na kila kinapokaribia kumalizika muda wake uombe kingine bila kuacha pengo.

Kisha utaletewa fomu ya kueleza uwezo wako wa kufanya kazi, iitwayo UC50, nawe utapewa wiki nne kuirudisha. Hapa, dada yangu, ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana nimekaa Jumamosi nyingi katika kumbi za jumuiya nikiwasaidia wazee na kina mama kujaza fomu hizi, na nimeona wanaoshindwa si wale wenye ugonjwa mdogo bali wale wenye adabu kubwa.

Sisi tumelelewa katika lugha ambayo mtu akiulizwa "hujambo?" jibu lake ni "sijambo" hata kama ana homa ya kutetemeka. Habari za asubuhi ni nzuri, habari za nyumbani ni njema, na mgonjwa aliyelala kitandani husema "namshukuru Mungu, najitahidi" kabla hajaeleza kinachomuuma. Huo ni ustaarabu wetu, na sina nia ya kuubeza. Lakini mtathmini wa Uingereza hana habari nao. Akikuuliza unajisikiaje leo nawe ukajibu kwamba huna neno, ataandika kwamba mwombaji mwenyewe amesema hana neno. Akikuuliza kama unaweza kupika nawe ukajibu "naweza, nashukuru", ataandika kwamba unaweza kupika. Nilikaa na mama mmoja aliyejibu hivyo, ilhali chakula kile alikuwa akikipika kwa saa mbili na nusu, ameketi kwenye kiti, na mara mbili amedondosha sufuria ya maji ya moto. Hakusema uongo. Alijibu salamu.

Kwa hiyo jifunze kusoma kila swali la fomu kana kwamba limeongezewa maneno haya: je, unaweza kulifanya jambo hili kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, tena na tena, na kwa muda wa kawaida, katika siku zako nyingi? Kama jibu la mojawapo ni hapana, basi eleza hivyo. Kuinuka mara moja kutoka kitini ukiwa umesaga meno hakuhesabiwi kuwa ni kuweza ikiwa mara ya pili utahitaji kungoja nusu saa. Baridi yabisi, kama unavyoijua kuliko mimi, huwa kali asubuhi, nayo ina siku zake za kupanda na kushuka. Basi usiandike kwamba "wakati mwingine inauma". Andika kwamba katika wiki moja una siku ngapi mbaya, kwamba asubuhi vidole hukaza kwa muda gani kabla havijalegea, na kwamba ukifua leo kesho yake huwezi kushika kikombe.

Vipimo vyenyewe ni vya ajabu kwa urahisi wake. Kimoja ni kama unaweza kwenda zaidi ya mita 50 katika ardhi tambarare bila kusimama kwa maumivu au kuchoka, kwa miguu au kwa kifaa ambacho ungeweza kukitumia. Kingine ni kama unaweza kuinua mkono, wowote kati ya miwili, kana kwamba unatia kitu katika mfuko wa juu wa koti. Kingine ni kuokota na kusogeza pakiti ya nusu lita iliyojaa kinywaji, na kingine ni kubonyeza kitufe au kufunua kurasa za kitabu. Hawaulizi kama unaweza kusonga ugali wa watu sita wala kukuna nazi mbili, ingawa kwa hakika hicho kingekuwa kipimo kizuri zaidi cha viganja. Pima basi mita 50 kutoka mlangoni kwako, uone kama ni nguzo ya taa ya pili au ni duka la pembeni, kisha uitembee siku mbaya na siku ya kawaida, na uandike ulipolazimika kusimama.

Usione haya kuandika habari za binti yako na vifungo. Huo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko maneno makubwa ya kitabibu, kwa sababu jina la ugonjwa peke yake haliongezi kitu. Wanachopima ni kile ambacho ugonjwa umekuzuia kufanya. Hata hivyo ambatisha barua za daktari bingwa wa viungo, orodha ya dawa pamoja na madhara yake, na barua ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo kama unaye, ukitoa nakala ya kila kitu kabla hujatuma. Ikiwa tathmini itafanywa kwa mahojiano, una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili na kuwa na mtu wa kukusindikiza, lakini nakusihi mtu huyo asiwe binti yako. Kuna maswali ya choo, ya kuoga na ya kulia usiku, ambayo mama hayajibu sawasawa mbele ya mwanawe.

Tathmini ina majibu matatu. La kwanza ni kwamba unaweza kufanya kazi. La pili ni kwamba huwezi kwa sasa lakini unaweza kujiandaa, na kwa mwombaji mpya jibu hilo halileti fedha ya ziada, ila hukupunguzia masharti ya kutafuta kazi na hukuruhusu kubaki na sehemu ya mshahara ukirudi kazini kidogo kidogo. La tatu ndilo lenye nyongeza.

Mbali na hayo yote kuna PIP, malipo ya wenye shida ya afya ya muda mrefu, ambayo watu huichanganya na Universal Credit ingawa ni vitu viwili tofauti. PIP haijali kama unafanya kazi au hufanyi, wala una kipato gani, na haikatwi katika Universal Credit. Hutolewa kwa mtu ambaye kwa miezi mitatu iliyopita amepata shida katika shughuli za kila siku au katika kutembea, na anayetarajiwa kuendelea nayo kwa miezi tisa ijayo, na huhesabiwa kwa pointi: nane kwa kiwango cha kawaida na kumi na mbili kwa kiwango cha juu. Sehemu ya maisha ya kila siku ni pauni 76.70 au 114.60 kwa wiki, na sehemu ya kutembea ni pauni 30.30 au 80. Maombi huanza kwa simu, na siku ya simu hiyo ndiyo hesabu ya malipo inapoanzia, kwa hiyo piga simu kwanza na kukusanya barua kufuate. Kwa walio Scotland, msaada unaolingana na huu huitwa Adult Disability Payment.

Sasa nyumba ya Tanga. Hakuna atakayekunyang'anya nyumba, lakini si kweli pia kwamba haiwahusu wanaotoa msaada. Katika Universal Credit, mali iliyo nje ya nchi huhesabiwa kuwa mali. Mwenye mali na akiba inayozidi pauni 16,000 hana haki ya msaada huo, na kuanzia pauni 6,000 malipo hupunguzwa. Nyumba unayoishi mwenyewe haihesabiwi, ila nyumba ya pili huhesabiwa. Lakini kuna kifungu kinachokufaa: nyumba anamoishi ndugu wa karibu, akiwemo mzazi, kama maskani yake, na ndugu huyo ameshafikia umri wa pensheni au hana uwezo wa kufanya kazi, haitiwi katika hesabu. Kama mama yako amepindukia umri huo na anaishi humo, itaje nyumba, eleza nani anaishi na ana umri gani, na uweke nakala ya hati. Aliyeitaja ana kinga ya kifungu hicho. Aliyeificha, siku itakapojulikana, atadaiwa fedha zote alizokwisha kula, na huenda akashtakiwa.

Nikiwa katika hesabu za mali nikuulize pia kuhusu upatu, kwa sababu sijaona kundi la kina mama wa Kiswahili hapa Uingereza lisilocheza. Siku zamu yako inapofika na pauni elfu kadhaa zikaingia kwa mkupuo, katika taarifa ya benki zinaonekana kama utajiri wa ghafla, na wakaguzi wa Universal Credit huomba taarifa za benki. Wekeni daftari lenye majina, zamu na michango, ili ionekane wazi kwamba unadaiwa miezi iliyobaki. Ukiwa mweka hazina, usiweke fedha za wenzako katika akaunti yako pamoja na zako.

Mwisho ni safari. Ukiwa kwenye Universal Credit unaweza kuwa nje ya nchi kwa muda usiozidi mwezi mmoja, na ukifiwa na ndugu wa karibu huko uliko mwezi mwingine huweza kuongezwa. Ukienda kwa ajili ya matibabu yanayosimamiwa na daktari, muda huo hufika miezi sita. PIP huvumilia wiki 13, au 26 kwa matibabu. Toa taarifa kabla ya kuondoka. Kwenda Tanga kujichua mafuta ya karafuu na kuota jua la nyumbani kunaweza kuwa dawa kweli, na mimi sibishi, lakini katika fomu hakuitwi matibabu mpaka pawe na daktari.

Swali la pili

Ndugu Mhariri, nimekuja Uingereza mwaka 2023 kutoka Mombasa kwa viza ya wahudumu wa afya. Kadi yangu imeandikwa kwamba siruhusiwi kutumia fedha za umma. Nimevunjika nyonga na daktari ameniandikia miezi minne. Jirani ananishauri niombe Universal Credit "nijaribu tu bahati". Nina mke na mtoto mchanga hapa, na naogopa kuharibu viza.

Msomaji, Reading

Jibu

Ndugu yangu, usijaribu bahati. Universal Credit na PIP zote zimo katika orodha ya fedha za umma, na kuziomba ukiwa na sharti hilo kunaweza kukuletea matatizo wakati wa kuongeza viza, hata kama aliyekushauri alikuwa na nia njema.

Jambo ambalo jirani yako hakulijua, na ambalo wenye viza wengi hawalijui, ni kwamba si kila malipo yatokayo serikalini ni fedha za umma kwa maana ya sheria ya uhamiaji. SSP siyo. Hiyo ni haki yako kama mwajiriwa yeyote, na tangu Aprili 2026 hulipwa kuanzia siku ya kwanza ya ugonjwa, wala hakuna tena kile kiwango cha chini cha mshahara kilichokuwa kikiwatoa nje wenye saa chache. New Style ESA nayo siyo, kwa kuwa msingi wake ni michango ya National Insurance. Kama SSP yako itakwisha kabla hujapona, na umechangia vya kutosha tangu 2023, unaweza kuiomba bila kuvunja sharti. Hakikisha tu kwamba ombi lenyewe ni la New Style ESA peke yake, na ofisa akikusukuma kufungua na Universal Credit "kwa pamoja", kataa kwa adabu na umweleze sharti la viza yako.

Mweleze pia mwajiri wako kila hatua, na uhifadhi vyeti vyote vya daktari, kwa sababu yeye ndiye mdhamini wa viza na kutokuwepo kwako kazini lazima kuonekane katika kumbukumbu kuwa ni kwa ugonjwa. Kwa habari za mke na mtoto siwezi kukujibu gazetini bila kuona hati zao. Nenda kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa na mamlaka inayoitwa Immigration Advice Authority, au kwa wakili. Nchini humu kutoa ushauri wa uhamiaji bila usajili ni kosa la jinai, hata kama anayetoa ni mtu wa heshima anayeketi safu ya mbele msikitini au kanisani.

Swali la tatu

Ndugu Mhariri, nina sonona kwa miaka minne na nimewahi kulazwa hospitali kwa kutaka kujidhuru. Nilienda kwenye tathmini ya Universal Credit siku ya Ijumaa, nikiwa nimevaa kanzu na koti kwa kuwa nilikuwa naelekea msikitini. Barua imekuja kwamba nina pointi sifuri na naweza kufanya kazi. Wameandika kwamba nilikuwa nadhifu, nilimtazama mhusika machoni na nilijibu vizuri. Je, nianze maombi mapya?

Msomaji, London

Jibu

Kaka yangu, usianze upya. Pinga uamuzi huu. Ukianza upya utapoteza kipindi chote kilichopita, ilhali ukishinda rufaa malipo hurudi nyuma mpaka mwanzo.

Hatua ya kwanza ni kuomba uamuzi uangaliwe tena, kwa maandishi kupitia ukurasa wako au kwa barua, ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe iliyo juu ya barua. Mwezi ukipita bado unaweza kuomba hadi miezi 13, lakini itabidi ueleze kwa nini umechelewa, na ugonjwa wenyewe unaweza kuwa sababu. Omba wakati huohuo nakala ya ripoti ya mtathmini, kisha uipitie mstari kwa mstari. Pale palipoandikwa "nadhifu", eleza kwamba ilikuwa Ijumaa, nani alikupigia pasi kanzu, na siku ngapi kabla ya hapo hukuoga. Pale palipoandikwa kwamba ulifika mwenyewe, eleza nani alikuamsha na nani alikusubiri nje.

Wewe una hoja ambayo katika fomu huwekwa mbali na pointi, na ambayo mara nyingi husahauliwa. Kanuni zinasema kwamba hata mtu asiyefikisha pointi huhesabiwa kuwa hawezi kufanya kazi ikiwa uamuzi kwamba anaweza utaleta hatari kubwa kwa afya yake au ya mwingine. Historia yako ya kulazwa inaingia moja kwa moja hapa. Mwombe daktari wako au muuguzi wa afya ya akili aandike barua inayojibu swali hilo hasa: nini kitatokea kwako ukilazimishwa kutafuta kazi kwa saa nyingi kila wiki na kutishiwa kukatwa malipo? Barua inayosema tu kwamba una sonona haitoshi.

Wakikataa tena, na usishangae wakikataa, una mwezi mmoja mwingine wa kukata rufaa katika baraza huru la rufaa. Hakuna ada. Baraza si ofisi iliyokunyima. Katika kesi ya uwezo wa kufanya kazi huketi jaji pamoja na daktari, nao hukusikiliza wewe mwenyewe. Chagua kuhudhuria badala ya kuacha karatasi zikusemee. Shirika la ushauri la Citizens Advice au kituo cha sheria cha mtaa wako wanaweza kukusaidia kuandaa hoja bila malipo, ila nafasi zao hujaa, kwa hiyo wapigie wiki hii hii na usingoje tarehe ya kusikilizwa.

Na kabla ya yote hayo, ikiwa barua hii imekurudishia mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu wa nyumbani leo, kisha upige 111 na uchague namba 2, ambako kwa England utaunganishwa na wahudumu wa afya ya akili saa yoyote ya usiku au mchana. Samaritans nao hupokea simu kwa namba 116 123 bila malipo. Mwezi mmoja wa rufaa unatosha kufanya hilo kwanza.